Kinyozi wa Sauti Nne

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wote wa Magomeni ya Kilosa: alimwacha mteja na kichwa nusu. Mashine imeshapita upande mmoja, upande wa pili nywele bado zimesimama, na yeye ametoka nje, amevuka barabara, amesimama mbele ya duka la vitambaa la jirani, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Ndani sisi wanakwaya wake tunaimba. Alitaka kujua wimbo unafikaje huko ng'ambo. Akiridhika alirudi, asiporidhika pia alirudi, ila hapo mteja alisubiri zaidi kwa sababu ilibidi tuanze upya.

Siku moja mfanyabiashara wa Mabwerebwere, aliyekuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe, alikaa kwenye kile kiti karibu nusu saa akiwa na kichwa cha aina mbili. Alipolalamika aliambiwa avumilie, besi zinasuasua. Yule bwana akataka kujua besi zinahusiana vipi na kichwa chake. Kinyozi akamwambia zinahusiana sana, kwani yeye hawezi kunyoa vizuri huku anasikia kitu kibaya. Na kweli hakuweza. Tulipokosea sisi, mkasi nao ulikosea, na mji ule ulikuwa na watu wengi waliotembea na makosa yetu kichwani.

Nayasema haya nikicheka, lakini mtu huyu nilimkosea. Kwaya yetu ilipata nafasi ya kumnusuru rafiki yetu asihamishwe kwenye shamba lake, tukaipoteza, na mkono wangu umo. Kila nikianza kuieleza siku ile najikuta nimesimama, nazunguka chumbani, natafuta kitu ambacho sikukipoteza. Kwa hiyo nitaanza na mambo mengine, nitafika tu.

Sitasema alizaliwa wapi. Wako waliodai ni mtu wa milimani, wako walioapa kwamba alikuja na reli. Aliyemuuliza aliinamishwa shingo na kunyolewa kisogo, na mtu aliyeinamishwa shingo hawezi kuendelea na maswali. Sisi tulimwita Kinyozi. Mke wake pia alimwita Kinyozi, na sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lingine, hata siku alipomkasirikia.

Kwaya ilianza kwa sababu ya foleni. Ilikuwa karibu na Uhuru, siku za Jumamosi mchana, watu wa reli wametoka kazini, wakulima wameleta mahindi sokoni, na kila mtu anataka kuwa nadhifu. Mimi nilikuwa karani wa stesheni, kijana niliyesoma shule ya misheni Mamboya, najua solfa za kusomea nyimbo na najua kwamba najua. Nilikuwa kwenye kiti, napigwa mashine, navuma wimbo mmoja wa shuleni ili nisahau maumivu, maana mashine yake ilikuwa ikinyofoa kuliko kukata. Ghafla kutoka kwenye benchi la karibu na mlango mtu akaanza kuvuma chini yangu, taratibu, sauti nzito iliyonifanya nihisi kiti kinatetemeka. Mashine ikasimama, imeshika nywele zangu.

"Nani huyo?" Kinyozi aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, samahani," sauti ikajibu.

"Usiombe samahani. Rudia."

Huyo alikuwa Maulidi, mkulima wa bondeni, mwenye shamba kando ya Mkondoa alikolima mahindi na mpunga kama baba yake alivyolima. Hajui solfa, hajawahi kukanyaga kanisani, sauti yake ilikuwa imelelewa na kaswida. Alirudia. Nikarudia na mimi. Kinyozi akanyoosha kitana chake kumwelekea fundi seremala mmoja aliyekuwa anasubiri, akamwambia aingie katikati, popote atakapoona pana nafasi. Nilikaa na mashine imening'inia kichwani mpaka jua likahama dirishani, na sikulalamika.

Ndani ya mwaka mmoja tulikuwa watu kumi na wawili, sauti nne, watatu watatu. Nusu walikuwa Wakristo wa milimani, nusu Waislamu wa bondeni, na Kinyozi alipiga marufuku tenzi na kaswida tangu siku ya kwanza. Alisema dini zetu ni nzuri sana na tuzitunze nyumbani. Tuliimba nyimbo alizozitunga mwenyewe, juu ya mto unaofurika, juu ya treni ya Mikumi inayopiga honi kwenye kona, juu ya mkonge unaochoma. Mwinjilisti mmoja alikuja kumlaumu kwamba anawapotezea vijana wake Jumamosi. Kinyozi alimnyoa vizuri, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akasema sauti ya yule bwana ingefaa kuwa sauti ya tatu lakini imeharibiwa na kuhubiri.

Kusifu hakuweza. Akimuuliza mteja wake kunyolewa kulikwendaje, sifa kubwa aliyotaka kuisikia ni kwamba hakukuuma. Na sisi tukimaliza wimbo tukiwa tumeloa jasho, tunatazamana kwa furaha, yeye alipuliza nywele kwenye kitana akasema haukuuma. Aliyeimba kwa nguvu kuliko wenzake alimwambia anaimba peke yake, apewe chumba. Mimi niliambiwa hivyo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara iliniuma kama mara ya kwanza. Wenzangu walimsikiliza jirani anavyoimba, mimi nilitaka nisikike mimi. Nakiri.

Halafu yeye mwenyewe hakuimba. Alivuma noti ya kuanzia, basi. Mtu aliyetufundisha kusikilizana alikuwa hamsikilizi mtu akizungumza. Ungemweleza habari ya msiba naye anapima kwa jicho kama masikio yako yako sawa. Alichukia porojo, yeye kinyozi, mtu ambaye riziki yake yote ni watu wanaokuja kupiga porojo. Siku ya Uhuru, mji mzima ulipojaa uwanjani na watu wakaimba mpaka sauti zikakauka, alisimama pembeni na mikono nyuma, machozi yanamtoka. Nilimwona na nilifurahi kumwona hivyo. Tulipokuwa tunarudi akaanza kunung'unika.

"Watu wote wale," alisema, "na sauti moja?"

Vijana wa chama walimletea gitaa, wakamwambia kwaya za siku hizi zina gitaa. Alilipokea kwa heshima, akalitundika ukutani kwenye msumari, akasema watapewa siku watakapojua kuimba bila hilo. Liliota kutu pale pale. Mwenye gitaa alikuwa anakuja kunyolewa na kulitazama.

Sasa nieleze namna alivyotuongoza, maana kila kitu kimefungwa hapo. Alikuwa ananyoa. Kwa hiyo alisimama ameelekea ukutani penye kioo, mgongo kwetu. Besi walikaa benchi la mlangoni, upande wake wa kulia. Sisi sauti ya kwanza tulikuwa upande wake wa kushoto, chini ya dirisha, na sauti mbili za katikati zilisimama katikati. Akiinua mkono wa kulia, wenye kitana, besi waingie. Akiinua wa kushoto, sisi. Mikono yote miwili, wote. Na hakupenda wimbo uende njia moja mara mbili. Leo aliwaanzisha besi, kesho sisi, kesho kutwa ubeti wa pili ndio wa kwanza. Alisema wimbo ukishajua njia unalala. Basi hatukukariri nani anaanza, tulikariri mkono. Miaka zaidi ya kumi tuliimba tukitazama mgongo wa mtu, na macho yake tukiyaona kwenye kioo kilicholiwa na madoa.

Hatukuona kwamba ni ajabu. Katika kwaya za kanisani kule Mamboya kiongozi aliwatazama waimbaji usoni, nami ndiye pekee niliyekuwa nimeyaona hayo. Naomba msomaji alishike hilo.

Zikaja siku za vijiji. Watu waliokaa kila mmoja shambani kwake walitakiwa wahamie mahali pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Sikuwa napinga na sipingi hata leo, watoto wengi wamesoma kwa ajili hiyo. Lakini jina la Maulidi lilitajwa kwenye orodha ya watu watakaohamia kijiji kipya upande wa Mikumi, mbali na mto, mbali na kaburi la baba yake, na mbali na benchi la mlangoni. Maulidi hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuja Jumamosi, akakaa, na alipoingia kuimba sauti ilitoka ikiwa imepungua, kama mtu aliyebeba kitu kifuani anaogopa kukimwaga.

Kinyozi hakumaliza kunyoa siku ile. Alivua koti lake jeupe, akaenda kwa afisa aliyekuwa anasimamia uhamisho, na akaniburuta mimi niwe shahidi, maana nilijua kuandika barua. Afisa alikuwa mtu mpole, mchovu, na meza yake ilikuwa imejaa. Kinyozi alimwomba Maulidi aachwe. Afisa akauliza kwa sababu gani. Kinyozi akasema kwa sababu ni besi.

Afisa alitutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza kwa nini sisi hatuimbi sauti moja kama kwaya nyingine, wakati nchi inajenga umoja.

"Ndugu," Kinyozi alimjibu, "sauti moja si umoja. Ni mtu mmoja amerudiwarudiwa."

Nilidhani tutafukuzwa. Afisa alicheka, akasema wiki mbili zijazo kuna mgeni mkubwa atapokelewa Mikumi, twende tukaimbe, na wakubwa wakiona kweli kwaya hii ni kitu cha kujivunia cha wilaya, na kwamba bila mtu huyu haisimami, yeye atakuwa na la kusema. Nakumbuka maneno hayo yalivyokuwa. Hayakuwa ahadi, lakini sisi tuliyabeba hadi Magomeni kama ahadi.

Wiki mbili zile hakuna aliyenyolewa vizuri Kilosa. Alitutoa benchi moja akatupeleka jingine, akaturudisha. Aliamka akabadili ubeti. Aliamua wimbo uanze na Maulidi peke yake, mistari minne, ili mgeni asikie sauti yenyewe ikiwa uchi kabla hatujaifunika.

Tulikwenda na treni ya asubuhi. Kinyozi hakutulia kwenye kiti, alipita behewani akitusikiliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu nikaimba, akasema mbele ya wote kwamba nimekonda kwenye noti za juu, na kwamba leo nisijaribu kuwa mimi, nijaribu kuwa watatu. Watu wakacheka. Maulidi naye akacheka. Nikanuna, nikageukia dirishani nikawa natazama nyika. Baadaye alirudi, akainama karibu na sikio langu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya.

"Leo sina kichwa cha mtu mikononi. Nataka niwageukie. Sijawahi kuwaona mnavyoimba. Mkiniangalia usoni mtaweza?"

Palepale nililiona kosa. Niliyeona kwaya za Mamboya ningekosaje kuliona? Akitugeukia, mkono wake wa kulia utakuwa upande wetu. Lingechukua dakika moja kulisema, na dakika kumi kulifanyia mazoezi behewani. Lakini nilikuwa nimenuna.

"Tutaweza," nilimwambia. "Sisi si watoto."

Akanishukuru.

Pale Mikumi tulipangwa mbele ya jukwaa, vumbi, jua, watu wengi kuliko tulivyowahi kuwaona, na mgeni mkubwa amekaa kwenye kivuli cha turubai. Kinyozi alikuwa amevaa koti lake jeupe limepigwa pasi. Akavuma noti. Akatugeukia, akatutazama, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwenye kile kioo. Kisha akainua mkono wa kulia.

Mkono ukainuka upande wetu, na sisi watatu wa sauti ya kwanza, watu wa kutii mkono, tukaingia. Nami niliingia! Niliyejua! Miaka kumi ya kuzoea ilinizidi nguvu kabla akili haijafika. Maulidi, aliyejua kwamba leo anaanza yeye, akaingia pia, nusu mstari nyuma. Kinyozi akang'amua, akabadilisha mikono. Lakini wakati huo huo na sisi tulikuwa tumeng'amua tukabadilisha, kwa hiyo tukawa tumekosea tena. Akabadilisha tena, nusu yetu wakamfuata, nusu wakaufuata ule wa kwanza. Sauti nne zikawa nyimbo nne. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, walidhani ndivyo tulivyotunga, kichekesho cha kumfurahisha mgeni. Mgeni mwenyewe alicheka akapiga makofi. Afisa wetu hakucheka. Kinyozi alishusha mikono yote miwili, na sisi tukanyamaza, isipokuwa Maulidi aliyekuwa amefumba macho, akaimba mistari yake minne mpaka mwisho peke yake katikati ya kicheko. Ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeisikia.

Maulidi alihamishwa mwezi uliofuata, na kitanda chake, na wake zake wawili, na mbuzi. Kinyozi alifunga duka Magomeni na kumfuata. Hakuaga. Wengine walisema ni wazimu, kinyozi wa mjini kwenda kijijini kwa ajili ya sauti ya mtu. Mke wake alipoulizwa sokoni alijibu kwamba yeye alishazoea kuhama.

Mimi nilibaki stesheni. Treni ya Mikumi ilipita mbele ya dirisha langu, nami ndiye niliyekata tiketi za wanaokwenda huko. Miaka tisa. Nilijiambia kazi nyingi, nilijiambia watoto wadogo. Nilinyolewa na vinyozi wengine, wenye redio, wenye porojo tele, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira isiyo na mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyechoka. Alinunua tiketi dirishani kwangu, mbele ya abiria, akanikabidhi.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka la kijiji. Nywele zilikuwa zimeisha kichwani mwake, koti lilikuwa la rangi ya chai. Alikuwa ananyoa mtu, na Maulidi alikuwa amekaa kwenye gunia pembeni, amenenepa, ndevu nyeupe, mjukuu mapajani. Nikawaamkia.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," Maulidi aliitikia kwa furaha, akaanza kuuliza habari za Kilosa, nani yupo, nani ametutoka. Kinyozi aliitikia bila kugeuka.

Sikuweza kukaa. Niliyasema yote nikiwa nimesimama, haraka haraka, kabla sijapoa: kwamba niliulizwa kwenye treni, kwamba nililiona kosa, kwamba nilinyamaza kwa sababu nilichekwa. Nilimgeukia Maulidi, nikamwomba radhi kwa ajili ya shamba lake.

Maulidi alitikisa kichwa. Alisema mwaka ule ule wa kuhamia alimkuta afisa hapa kijijini, na afisa akamweleza kwamba orodha ilikuwa imeshatiwa sahihi kabla hatujapanda treni. Tungeimba tusingeimba, angehama. Alisema shamba anaota juu yake mara kwa mara, lakini wajukuu wanasoma, na mimi nisijiue bure.

Miaka tisa! Nikaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na machozi yakaja nayo. Hapo ndipo Kinyozi alipoacha kunyoa.

"Usicheke," alisema. "Kosa la shamba ni la wakubwa, wao ndio waliolichukua. Lile la treni ni letu."

Nikapangusa macho.

"Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu wewe kosa hulifichi. Miaka yote ulinisumbua, huyu yuko chini, yule yuko juu. Nilijua ukisema tutaweza, tutaweza. Watu wote wale hawajawahi kusikia sauti nne zikikaa pamoja, na Maulidi alikuwa tayari. Hawakusikia. Nami sikuwaona, niliona watu wanaogopa."

Nilimwambia anisamehe. Alimalizia kisogo cha mteja, akapangusa mashine, akasema hapa kijijini vijana wapo wanaokuja Jumamosi, besi anazo, za katikati anazo nyingi hadi anazifukuza. Sauti ya kwanza hana. Kuna mmoja anajaribu, anapiga kelele kama anaita ng'ombe. Akasema hayo akitazama barabara, kama anamwambia mtu mwingine, halafu akamwita mteja anayefuata.

Nilirudi Kilosa na treni ya jioni. Jumamosi iliyofuata niliomba mwenzangu anishikie dirisha. Treni ilichelewa, nikatembea kutoka stesheni ya Mikumi nikiwa nakimbia nusu, na nilipofika walikuwa wameshaanza. Kinyozi alikuwa na sabuni mikononi. Hakunisalimu. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama.